Kumchukua Mbwa Katika Safari ya Kisiwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akajua riziki yake na mahali pake pa kulala. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Amenijia ndugu mmoja, mtu wa Pemba aliyehamia huku kwetu Ikolo, katika nchi ya Kyela, kwa biashara ya mpunga na kakao. Ana shamba la kakao, na shambani ana mbwa mmoja mwekundu ambaye kazi yake ni kufukuza tumbili mchana na kulinda kakao iliyoanikwa juu ya majamvi usiku. Ndugu huyu amenuia, akisha kuvuna, amchukue mkewe na wanawe awapeleke Pemba kwa mama yake, wakae huko mwezi mmoja, na siku moja au mbili wavuke kwa mashua mpaka kisiwa cha Misali, wapunge hewa na kuoga bahari. Watoto wakalia, wakasema hawaendi pasipo mbwa wao. Jamaa mmoja akamwambia: Mchukue, dini ni nyepesi. Mwengine akamwambia: Mfunge kamba umwache, mbwa si kitu. Akaja kwangu baada ya sala ya alasiri, akauliza: Shekhe, lipi katika haya mawili ndilo la sharia?

Nikamjibu: Hata moja silo. Nikamwambia angoje nimwandikie, kwani jambo hili lina matawi mengi kuliko alivyodhani. Na nilipokwisha kuandika nikaona yafaa niwaletee na nyinyi, ndugu zangu wa pwani, maana kwenu ndiko kuliko bahari na visiwa, na safari za matembezi zimezidi katika zama hizi. Na mimi pia ni mtu wa pwani, ingawa miaka mingi sasa nasomesha watoto huku kwenye kichwa cha Ziwa Nyasa.

Kwanza, kumfuga. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, si halali kumfuga mbwa kwa mapenzi matupu wala kwa fahari. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa mifugo, wala wa mawindo, wala wa shamba, hupungukiwa katika ujira wa amali zake kila siku kirati moja, na katika riwaya nyengine kirati mbili. Wanavyuoni wetu wakalinganisha na hayo ulinzi wa nyumba, wakasema, na ndiyo kauli iliyo sahihi zaidi, kuwa nao wajuzu. Basi mbwa wa ndugu yetu huyu ni halali kufugwa, kwani ni wa shamba. Wasasi wa Unguja nao, wanaowinda nguruwe mwitu kwa mbwa ili kuokoa mihogo ya watu, hawana lawama kwa kufuga mbwa wao. Hapa sina la kuongeza.

Lakini tazama neno moja. Ruhusa hii imefungamana na haja. Shamba liko Ikolo. Tumbili wako Ikolo. Majamvi ya kakao yako Ikolo. Mbwa akipanda gari kwenda Mbeya, na kutoka Mbeya zaidi ya kilomita 800 mpaka Dar es Salaam, kisha akapanda chombo kwenda Pemba, analinda nini? Haja imebaki nyuma, na yeye amekwenda matembezini. Sisemi kwamba kila hatua ya safari ile ni dhambi. Mtu anayehama na shamba lake akamchukua mbwa wake huyo ana udhuru, na kipofu anayeongozwa na mbwa ana udhuru ulio mkubwa zaidi. Lakini anayemchukua ili watoto wacheze naye mchangani, huyo ametoka katika mlango aliofunguliwa akaingia katika mlango mwengine.

Sasa tuje kwenye tohara, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapokosea kwa pande zote mbili.

Mwajua nyote, tangu siku tulizosoma Safinatu Nnaja tukiwa wadogo, kwamba najisi ni za namna tatu, na mbwa yumo katika iliyo nzito. Kwetu Mashafi mbwa ni najisi mwili wake wote, mate yake na jasho lake na nywele zake. Imamu Malik amesema ni tohara, na kwa Mahanafi mate ndiyo najisi, nywele sizo. Huenda yule aliyesema kwamba dini ni nyepesi amesikia maneno haya mahali. Kumfuata Imamu mwengine kwa haja kuna nafasi yake na sharti zake. Lakini hatuchukui kutoka kila Imamu kile kinachopendeza nafsi zetu, tukakikusanya katika kapu moja tukakiita madhehebu.

Na juu ya uzito huo, kavu kwa kavu hakunajisi. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu yako kavu, kanzu yako ni tohara, wala huna haja ya kuipiga kelele. Hunajisi pale penye umaji, ama wake ama wako. Na hii ndiyo shida ya safari ya baharini: baharini ni wapi palipo pakavu? Ndani ya chombo watu wamebanana, sakafu ina maji, mbwa ana joto, ulimi uko nje na mate yanadondoka, na pembeni yake amekaa mzee ambaye ana udhu wake na anangojea kushuka akawahi magharibi. Mzee huyu hakufuga mbwa, hakuulizwa, na nauli amelipa kama wewe. Umemtia katika kazi ya kuosha nguo mara saba, moja kwa udongo, ugenini, usiku. Mimi naona jambo hili peke yake latosha kumzuia mtu mwenye haya. Haki ya Mwenyezi Mungu twaweza kuiomba msamaha. Haki ya mzee yule utaitafuta bandari gani?

Na kisiwani je? Mbwa akiogelea baharini, bahari hainajisiki, kwani maji yaliyofika kula mbili hayanajisiki mpaka yabadilike. Lakini akitoka akajikung'uta, matone yanayoruka kutoka manyoya yake yamekwisha achana na bahari, nayo ni maji machache yaliyogusana na najisi. Basi nguo au mkeka uliorukiwa huoshwa mara saba. Ukitia nguo ile baharini na kuipeleka huku na huku mara saba, imehesabiwa kuwa saba. Inabaki udongo. Wengi hudhani mchanga wa pwani umetosha, nao wakachota gao moja wakaupaka. Angalieni: kinachotakiwa ni kile kinachochafua maji, kikafika pamoja nayo kila mahali palipopata najisi. Mchanga mweupe wa ufuoni, uliooshwa na mawimbi tangu kuumbwa kwake, ukiutia katika ndoo unazama chini na maji yanabaki meupe vilevile. Huo hautoshi. Mchanga wenye vumbi, sawa. Na sabuni, kwa kauli iliyo dhahiri katika madhehebu, haishiki mahali pa udongo. Sisi huku masika yanapoujaza mto Songwe tope twatosheka na maji yake yenyewe, maana wanavyuoni wamesema hivyo juu ya maji ya Nili yanapofurika; lakini bahari ya Pemba si mto Songwe.

Pamoja na haya, msiwe watu wa wasiwasi. Ukiona nyayo za mbwa karibu na mkeka wako, wala hukumwona kuugusa, mkeka ni tohara. Yakini haiondolewi na shaka. Nimepata kumwona mtu ameosha mswala kwa sababu mbwa alibweka nyuma ya ua. Huyo hakuosha najisi, ameosha wasiwasi wake, nao hautoki kwa maji.

Na kuna wahubiri wa siku hizi wanaopenda kusema kwamba kuosha mara saba kumewekwa kwa ajili ya vijidudu vya maradhi. Wanavyuoni wetu wameihesabu idadi ile kuwa ni ibada tu, twaifuata kwa kuwa tumeamrishwa. Ukiifunga sharia na kijidudu, siku atakapokuja daktari akakuambia kijidudu kimekufa, utaacha kuosha?

Lakini maradhi yapo, na sasa nafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Ndugu yetu hakuniuliza hili. Lilikuwa zito kuliko yote aliyoniuliza.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ukaao katika mate. Mbwa huumwa na mwenzake leo, akakaa wiki kadhaa, pengine miezi, anakula na kucheza kama kawaida yake, kisha tabia ikageuka. Anang'ata bila ya sababu, mate yanamtoka, mwisho miguu inalegea akafa. Mtu aliyeng'atwa, dalili zikisha kumtokea, huwa hapana dawa tena isipokuwa kwa nadra isiyotegemewa. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria watu kiasi cha 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Na dawa ya kuuzuia ipo tangu alipoitumia Louis Pasteur huko Ufaransa mwaka 1885.

Sasa sikilizeni khabari ya Pemba yenyewe. Kisiwa kile kilisumbuliwa na kichaa cha mbwa, na watu wakafa. Mbwa wakachanjwa kwa wingi, kijiji kwa kijiji, na mwaka 2014 ugonjwa ukakatika kabisa. Mwaka 2016 ukarudi. Wataalamu walipoichunguza asili ya ugonjwa ule kwa elimu yao waliona kuwa umetoka Tanzania bara. Mbwa haogelei kutoka Tanga mpaka Wete, ndugu zangu. Ikabidi kazi ianze upya, mbwa wachanjwe tena, mpaka mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Yaani miaka miwili ya hofu, na watoto wa watu kupigwa sindano, kwa ajili ya ugonjwa uliokwisha kuondoka, ukarudi kwa kuvuka maji.

Na nitawaambia kwa nini jambo hili lanichoma mimi khassa. Zaidi ya miaka 25 iliyopita, nikiwa kijana mwalimu wa chuo katika mji mdogo wa pwani, mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa miaka tisa, aling'atwa mguuni na mbwa aliyepita njiani. Kidonda kilikuwa kidogo. Mama yake alimleta kwangu, si kwa daktari, kwa kuwa mimi ndiye aliyeniamini. Nikamwandikia kombe kwa zafarani, nikamsomea, nikamwambia aende nyumbani. Kidonda kikapona. Baada ya mwezi na kitu mtoto akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe koo linamkaza. Siku ya nne alikufa. Daktari aliniuliza neno moja tu: Alipong'atwa, mlimwosha? Sikuwa na jawabu. Kisomo si kosa, na Kurani ni shifaa. Kosa langu ni kuwa nilisoma nikaiacha njia aliyoiweka Mwenyezi Mungu wazi, na mama yule alinitegemea mimi kuijua. Nimemwomba radhi, naye alinisamehe. Mimi sijajisamehe.

Kwa hivyo, mtu aking'atwa, au mbwa akimlamba penye jeraha, kidonda kioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, na siku ile ile aende hospitali akachomwe sindano, na azimalize zote kama atakavyoagizwa. Baada ya hapo somea upendavyo. Na kwa tohara ya sala muongezee udongo mahali palipo pazima. Wala usipake udongo ndani ya jeraha bichi, dini haikutaka umdhuru mtu.

Basi yule amchukuaye mbwa kutoka bara kumpeleka kisiwani anachukua jambo asilolijua tumboni mwake. Anaweza kuwa mzima, na aghlabu ni mzima. Lakini kisiwa ni kama chombo baharini, na kanuni ya sharia ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na kuzuia ufisadi ni mbele ya kutafuta maslaha. Ufisadi hapa ni roho za watoto, na maslaha ni mchezo wa mchangani. Ikiwa mtu analazimika, kama yule ahamaye, basi amchanje kwanza, na asubiri mwezi mmoja, kwani chanjo haikingi siku ile ile, achukue cheti chake, na aombe ruhusa kwa idara ya mifugo. Kumpitisha kwa siri chini ya matenga ya mpunga ni khiyana kwa kisiwa kizima.

Na Misali nayo ina hukumu yake. Wazee wa Pemba husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala wa kusalia, akakosa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, ndio kikaitwa Misali. Sina sanadi ya kisa hiki, nami nakitaja kama nilivyokisikia. Lakini la yakini ni kwamba kisiwa kile kimewekewa hifadhi tangu mwaka 1998, na masheikh waliingia katika kuwafundisha wavuvi amana ya mwanadamu juu ya viumbe vya Mola wake. Katika fukwe zake kasa na ng'amba hupanda usiku kutaga, mayai kwa mamia, wakayafukia mchangani, nayo hukaa kiasi cha miezi miwili ndipo watoto wakatoka. Mbwa kwa tabia yake hufukua. Usiku mmoja wa mbwa mmoja unatosha kumaliza matago mengi. Hana lawama, ndivyo alivyoumbwa. Lawama ni ya aliyempeleka.

Yabaki lile neno la jamaa wa pili: Mfunge kamba umwache, mbwa si kitu.

Neno hili lanichukiza kuliko la kwanza. Nani aliyesema mbwa si kitu? Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa pamoja na watu wa pangoni katika Suratul Kahf, naye amenyoosha miguu yake pale kizingitini, na ametajwa kila walipohesabiwa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametueleza khabari ya mtu aliyemwona mbwa akilamba ardhi yenye umaji kwa kiu, akashuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha, akaghufiriwa. Na ametueleza khabari ya mwanamke aliyemfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie, akaingia motoni kwa ajili yake. Paka ni tohara na mbwa ni najisi, lakini tumbo la njaa ni moja. Unajisi ni hukumu ya nguo yangu na chombo changu. Si ruhusa ya kumtesa.

Na mafakihi wetu wamekwenda mbali zaidi ya hapo. Wamesema msafiri mwenye maji kidogo, ikiwa pamoja naye pana mnyama mwenye heshima mwenye kiu, na mbwa wa manufaa yumo katika hesabu hiyo, basi ampe mnyama maji na yeye atayamamu. Fikirini: sala yenyewe inasogea mchangani ili mbwa anywe! Asiye na heshima ni yule mkali mng'ataji, ambaye kuuawa kwake kumeruhusiwa hata ndani ya Haram. Watoto wetu wa chuo wanaomrushia mawe kila mbwa apitaye hawakujifunza jambo hilo katika Minhaj. Wamelijifunza kwetu, kwa kutuona tumenyamaza.

Basi jawabu langu kwa muulizaji lilikuwa hili. Usimchukue, wala usimfunge ukamwacha. Wala usimuuze, kwani katika madhehebu yetu mbwa hauzwi na thamani yake si halali. Mkabidhi mtu mwaminifu. Akasema: Majirani zangu ni Wanyakyusa, Wakristo. Nikamwambia: Wanafuga mbwa tangu kwa babu zao na wanawajua kuliko wewe, na amana hupewa mwaminifu. Mlipe ujira wake wa kulinda shamba, na chakula cha mbwa kitoke kwako, si kwake, kwani nafaka ya mnyama ni wajibu wa aliyemweka. Na kabla ya kuondoka mpeleke akachanjwe, kwani huku bara ugonjwa haujaisha, na jirani naye ana watoto.

Akauliza kama fedha hiyo aweza kuitoa katika zaka yake. Nikamwambia hapana.

Watoto hawakuridhika siku ile. Binti yake mdogo alinijia chuoni akaniuliza kama mbwa atajua kuwa watarudi. Nikamwambia sijui, lakini akirudi amletee khabari za bahari, na nikamfundisha kuzuia vidole vyake asimguse akiwa na mikono ya maji kabla ya kushika msahafu. Waliondoka siku ya Jumatatu. Debe mbili za unga na gunia la usipa mkavu zilibaki kwa jirani. Mimi nilipita shambani siku ya tatu, wakati wa jua kali, nikamkuta amelala penye kizingiti cha kibanda. Aliinua kichwa, akaniona si tumbili, akakilaza tena. Chungu chake kilikuwa na maji.

Wallahu aalam.